Kyoto kwa siku tatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siku tatu zinatosha kweli?

Zinatosha kuiona Kyoto, hazitoshi kuimaliza, na hata ukikaa mwezi huimalizi maana mji una mahekalu kama elfu mbili hivi ukijumlisha ya Kibudha na ya Kishinto (dini ya jadi ya Wajapani), na sehemu 17 za Kyoto na miji jirani ya Uji na Otsu ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1994. Sasa mtu anakuja na listi ya sehemu ishirini anataka azipige zote kwa siku mbili, matokeo yake anashinda ndani ya basi. Ushauri wangu kwenye kila swali hapa chini utakuta unarudi palepale: chagua vichache, anza alfajiri, na siku moja baki upande mmoja wa mji. Siku mbili kamili ni za kubanana ila inawezekana, siku moja ni ya kwenda kupiga picha na kurudi.

Kwa nini Kyoto na sio kubaki tu Tokyo?

Tokyo ni jiji la sasa. Kyoto ndo ilikuwa makao ya mfalme kuanzia 794 mpaka 1868, zaidi ya miaka elfu moja, kwahiyo ikulu, makasri, bustani, chai, vitambaa, mapishi, vyote vilikomaa palepale. Alafu vita ya pili ya dunia Marekani waliibomoa miji mingi ya Japani kwa moto ila Kyoto ilipona kwa sehemu kubwa, ilikuwa hadi kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki na aliyesimama kidete itolewe ni Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani wakati huo, aliyekuwa ameshawahi kufika pale.

Usifikirie lakini kwamba kila unachokiona ni cha miaka elfu. Ni mji wa mbao, umeungua mara nyingi mno, vita ya Onin peke yake (1467 hadi 1477) ilifagia karibu mji wote. Kinkaku-ji lile hekalu la dhahabu lilichomwa 1950 na mwanafunzi wa utawa wa hapohapo, unaloliona leo limejengwa upya 1955. Wenyewe hawaoni shida, jengo linajengwa tena kwa ramani ileile na maisha yanaendelea.

Viza nashughulikiaje nikiwa Afrika Mashariki?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kusafiri, hakuna ya kupewa uwanjani. Unaomba kupitia ubalozi wa Japani wa nchi unayoishi, upo Dar, upo Nairobi, upo Kampala. Wanataka kuona kazi yako au biashara yako, taarifa ya benki, ratiba ya safari siku kwa siku na sehemu utakazolala. Hiyo ratiba iandike vizuri kweli, sio unaandika "kutembea" siku zote saba. Hoteli chukua zile za kughairi bure ili viza ikichelewa usipoteze hela. Viza ya kuingia mara moja inaishi miezi mitatu tangu itolewe kwahiyo kuomba miezi sita kabla hakukusaidii kitu, ila usisubiri wiki mbili za mwisho pia. Walioko Uingereza, Marekani au Kanada kwa kibali cha kuishi kuna mfumo wa kuomba mtandaoni, angalia tovuti ya ubalozi wa huko uliko.

Ukishapata viza jaza mapema ile tovuti ya Visit Japan Web, ni ya bure, unapata msimbo wa QR wa uhamiaji na forodha, foleni inapungua.

Ndege inatua wapi, Kyoto si ina uwanja?

Haina. Uwanja wa karibu wa kimataifa ni Kansai, upo kwenye kisiwa cha kutengenezwa na watu katika ghuba ya Osaka. Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja, wengi wanapita Dubai kwa Emirates au Doha kwa Qatar wanashuka Kansai hapohapo, wengine Istanbul kwa Turkish. Ethiopian yeye anakwenda Narita, Tokyo, kupitia Seoul. Kama tofauti ya bei ni ndogo mimi ningeshuka Kansai kama lengo ni Kyoto, maana nauli ya treni kutoka Tokyo itakula ile nafuu uliyoipata.

Kutoka Kansai kuna treni inaitwa Haruka, inakufikisha stesheni ya Kyoto kwa saa moja na robo au dakika chache zaidi, hubadilishi chochote. Kuna na basi la uwanjani, nalo zuri tu kama una mizigo.

Japani wako mbele yetu masaa 6. Na ratiba zao zote ni za masaa 24, kwahiyo ukiona 06:00 ni saa 12 asubuhi yetu, 17:00 ni saa 11 jioni. Nimetumia saa zetu humu ndani, ukihamishia kwenye simu kumbuka hilo.

Ninunue ile JR Pass, tiketi moja ya kupanda treni za kampuni za reli za JR kwa siku kadhaa?

Kwa safari fupi, hapana. Zamani ilikuwa inalipa, ila Oktoba 2023 ya siku 7 ilipanda kutoka yen 29,650 mpaka 50,000. Shinkansen, yani treni ya mwendo kasi, ya Tokyo hadi Kyoto kwenda tu ni kama yen 14,000, kwenda na kurudi 28,000, piga hesabu mwenyewe. Nunua tiketi ya kawaida stesheni. Nozomi ndo ya haraka, kama masaa mawili na robo. Ukitoka Tokyo omba siti ya upande wa kulia, dirisha la herufi E, hali ya hewa ikiwa safi unauona mlima Fuji dakika kama arobaini na tano baada ya kuondoka.

Kitu kimoja kwa wenzangu na mimi wa masanduku makubwa: kwenye Shinkansen ya njia hiyo sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linatakiwa liwe na siti yake maalum ya nyuma ya behewa, unaichagua wakati wa kukata tiketi bila kuongeza hela. Ukija nalo bila hiyo siti unatozwa.

Niende mwezi gani?

Kila mtu anataka sakura, maua ya micheri, yani mwisho wa Machi mpaka wiki ya kwanza ya Aprili, au majani mekundu ya katikati ya Novemba mpaka mwanzo wa Desemba. Ni pazuri, sibishi. Ila hoteli zinapanda mara mbili na zaidi na njia za Higashiyama, mtaa wa mahekalu wa upande wa mashariki, zinajaa mpaka unatembea kwa kusukumwa.

Juni na nusu ya Julai ni mvua. Mwisho wa Julai na Agosti joto linapita 35 na unyevu wake ni ule wa kulowanisha shati kabla hujamaliza kufunga mlango, mtu wa Dar au Mombasa atasema nimezoea, sawa, ila kule unatembea kilomita kumi na kitu kwa siku bila upepo wa bahari maana mji umezungukwa na milima pande tatu. Julai ina faida yake lakini, tamasha la Gion Matsuri, magari makubwa ya mbao yanavutwa kwa kamba mitaani tarehe 17 na tena tarehe 24. Agosti 16 usiku wanawasha mioto mikubwa kwenye milima mitano kuaga roho za wazee wao.

Ningechagua mimi ni mwisho wa Januari na Februari. Baridi kali ndio, inakaribia sifuri, beba koti la maana, ila bei ziko chini, watu wachache, na ukibahatika na theluji juu ya Kinkaku-ji basi umepata picha ambayo wenyeji wenyewe wanaiamkia mapema kuiwahi. Wiki ya mwaka mpya na ile ya mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei epuka kabisa, Wajapani wote wako likizo.

Nilale mtaa gani?

Karibu na stesheni ya Kyoto ni rahisi kwa usafiri ila usiku pamepoa. Shijo na Kawaramachi ndo katikati, chakula kila kona, unatembea kwa miguu mpaka Gion, mtaa wa zamani wa geisha. Higashiyama kwenyewe ni ghali ila unaamka uko mlangoni kwa mahekalu.

Mimi ningekaa kati ya Gojo na Shijo pembeni ya njia ya treni ya chini ya ardhi ya Karasuma. Na hapo ujue kitu kitakusaidia, mji umepangwa kwa mistari iliyonyooka na barabara kubwa zinazokwenda mashariki magharibi zimepewa namba kutoka kaskazini kushuka kusini: Sanjo ya tatu, Shijo ya nne, Gojo ya tano, Shichijo ya saba. Ukizishika hizo hupotei kirahisi.

Bei, kitanda cha hosteli kama yen 3,000 hadi 5,000 msimu wa kawaida, chumba cha hoteli ya biashara 8,000 hadi 15,000, ni kidogo sana hicho chumba, sanduku ukilifungua hakuna pa kukanyaga. Juu ya hapo kuna kodi ya malazi ya mji, kwa kila mtu kwa kila usiku, na tangu Machi 2026 imepanda: chumba cha chini ya yen 6,000 kwa mtu ni yen 200, kuanzia 6,000 mpaka chini ya 20,000 ni 400, na zile hoteli za kifahari za 100,000 kwenda juu wanakatwa mpaka 10,000. Wengi wanalipia kaunta, usishangae.

Kulala Osaka na kwenda Kyoto kila siku inawezekana, treni ya JR ni nusu saa kwa yen 580. Ila ile alfajiri ninayoisema utaikosa.

Ndani ya mji natembeaje, basi au treni?

Treni pale inapofika, miguu pale inapowezekana, basi iwe ya mwisho. Watu wanafanya kinyume. Basi za mji ni yen 230 popote uendapo eneo la katikati, unapandia mlango wa nyuma unalipa mbele ukishuka, lakini zinajaa mno na foleni ya magari ni ya kweli, hasa namba 206 inayopita hekalu la Kiyomizu na Gion, na 205 ya kwenda Kinkaku-ji. Ile tiketi ya siku nzima ya mabasi tu walishaifuta, iliyobaki ni ya mabasi pamoja na treni ya chini, yen 1,100.

Nunua kadi ya ICOCA (au kama unayo Suica ya Tokyo, hiyohiyo inafanya kazi), unaweka hela, unagusisha ukiingia na ukitoka, inalipa treni, basi na hata maji dukani. Wenye iPhone wanaweza kuiweka kwenye simu.

Fushimi Inari (hekalu la malango mekundu): JR ya njia ya Nara, stesheni ya pili tu, dakika tano, yen 150. Arashiyama (kwenye msitu wa mianzi): JR ya njia ya Sagano kama dakika kumi na tano, yen 240. Hizo mbili usizipandie basi kabisa. Kiyomizu-dera: treni ya Keihan mpaka stesheni ya Kiyomizu-Gojo, halafu unapanda kilima kwa miguu dakika ishirini hivi. Kinkaku-ji ndo korofi, treni haifiki, hapo basi ni lazima au teksi mkiwa watatu wanne, mkigawana haiumi.

Nipangie basi hizo siku tatu

Haya. Siku ya kwanza mashariki. Kiyomizu-dera inafunguliwa saa 12 asubuhi, kiingilio yen 500, na uwe pale saa hiyohiyo kama mwili unaruhusu, ukitoka kwetu mwili wenyewe utakuwa umevurugika saa kwahiyo siku za mwanzo utajikuta macho tu usiku, tumia. Ukumbi wenyewe ni wa 1633, lile jukwaa la mbao limesimama mita 13 juu ya bonde kwa nguzo zilizoshikanishwa bila misumari. Saa 12 na nusu mko wachache, unasikia mpaka maji ya ile chemchemi ya Otowa chini. Saa nne asubuhi palepale hupati hata pa kuegemea. Ukitoka teremka Sannenzaka na Ninenzaka, zile njia za ngazi za mawe na nyumba za mbao, maduka yatakuwa yamefungwa bado na ndo raha yake, picha zinatoka safi. Kunywa chai, pumzika. Endelea kaskazini mpaka hekalu la Kishinto la Yasaka, kaa bustani ya Maruyama, kata kwenda Gion. Mchana panda treni nenda Sanjusangen-do kama una hamu, ukumbi mrefu karibu mita 120 wenye sanamu 1,001 za Kannon, yule wa huruma kwenye Ubudha, zimesimama kwa safu, kupiga picha ndani hairuhusiwi na ningesema hiyo ndo sehemu iliyonikalia kichwani kuliko zote, labda kwa sababu watu wanalazimika kuangalia kwa macho yao.

Siku ya pili kusini. Fushimi Inari ni bure na haifungwi, usiku na mchana. Malango mekundu maelfu yamejipanga kupanda mlima wa mita 233. Chini kabisa ndo kuna msongamano, kila mtu anapiga picha mita mia mbili za mwanzo anarudi. Wewe panda, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano kuna njia panda ya Yotsutsuji unauona mji wote, wengi wanaishia hapo na inatosha, mzunguko mzima ni kama masaa mawili. Nyuma ya kila lango kuna maandishi, ni jina la aliyelitoa na tarehe, wengi ni wafanyabiashara maana Inari ni mungu wa mpunga na biashara. Sanamu za mbweha ndo wajumbe wake.

Ukishuka usirudi Kyoto. Njia ileile ya treni inaendelea mpaka Uji na Nara. Nara ilikuwa mji mkuu kabla, 710 hadi 784, ina kulungu zaidi ya elfu wanaozurura bustanini, unanunua biskuti zao yen 200, wanainamisha kichwa kuomba na ukichelewesha wanakung'ata shati. Wafiche karatasi zako, ramani wanakula. Ndani ya Todai-ji kuna Budha wa shaba wa mita 15 hivi aliyezinduliwa 752, picha hazimtendei haki. Kama Nara unaona ni mbali shuka Uji, kuna Byodo-in lile jengo la kwenye sarafu ya yen 10, na chai ya matcha ya kule ndo yenyewe.

Siku ya tatu magharibi. Arashiyama, msitu wa mianzi, tena alfajiri, haufungwi. Nikwambie ukweli ni njia fupi, dakika kumi umeimaliza, zile picha zinazokuonyesha kama haina mwisho zimepigwa kwa ujanja. Inachookoa safari ni vilivyopo pembeni: bustani ya Tenryu-ji, daraja la Togetsukyo, na kuendelea mbele ya mianzi kwenye mitaa ya Sagano ambako watu hawafiki. Halafu Ryoan-ji, ile bustani ya mawe 15 iliyopangwa hivi kwamba ukiwa umekaa popote pale kwenye baraza moja litajificha, na Kinkaku-ji mwisho, jioni jioni kabla ya kufunga saa 11. Kinkaku-ji huingii ndani, unalizunguka tu kwa nje nusu saa umetoka. Tiketi yake ni karatasi ya baraka yenye maandishi, usiitupe.

Unaona Nijo haipo hapo juu, na Ginkaku-ji haipo. Ndio. Kama una nusu siku ya ziada, kasri la Nijo la 1603 la akina Tokugawa, ukoo wa mashogun yani watawala wa kijeshi, lina sakafu zinazolia ukikanyaga, na humohumo 1867 shogun wa mwisho alitangaza kurudisha madaraka kwa mfalme. Ginkaku-ji, kwa jina ni hekalu la fedha, watu wanategemea madini ya fedha, hakuna, ni mbao tupu, ila bustani yake ni nzuri na inaanzia hapo ile njia ya mfereji ya kama kilomita mbili inayopita chini ya miti ya sakura.

Nikitaka kuona geisha?

Kyoto wanaitwa geiko, wanafunzi wao maiko. Wale mabinti waliojaa Kiyomizu wamevaa kimono za maua mchana kweupe wengi ni watalii waliokodisha, hata wewe unaweza, yen elfu chache wanakuvalisha na kukusuka, na ukivaa hijabu hawana neno, unaivaa juu yake.

Geiko wa kweli utamuona jioni Gion anawahi kazini, anatembea haraka. Mwache apite. Watu walizidi, wakawa wanawakimbiza, wanawashika mikono ya kimono, mpaka vichochoro vya binafsi vya Gion vikafungiwa watalii 2024 na vibao vinasema faini yen 10,000. Barabara kubwa ya Hanamikoji iko wazi. Ukitaka kuwaona wanacheza kihalali, Aprili nzima kuna Miyako Odori, unakata tiketi unakaa unaangalia.

Mimi ni Muislamu, nitakula nini?

Utakula, ila kwa kupanga. Nguruwe anaingia kwenye mchuzi wa rameni (tambi za mchuzi), mirin na sake ni pombe na vinaingia kwenye sosi nyingi, hata za samaki, kwahiyo kusema "mimi nakula samaki tu" hakumalizi. Kyoto kuna migahawa ya halali, kuna rameni ya halali, kuna Wahindi na Waturuki, tafuta kwenye ramani ukiwa bado hotelini sio njaa ishakushika. Mapishi ya watawa, shojin ryori, hayana nyama wala samaki, na yudofu yani tofu ya moto ni chakula maarufu cha maeneo ya hekalu la Nanzen-ji, uliza tu kuhusu mirin. Mayai, wali, matunda, vipo maduka ya masaa 24 kila mtaa.

Kuna msikiti, Kyoto Masjid, jirani na bustani ya ikulu ya zamani, Ijumaa watu wanajaa. Uwanja wa Kansai una vyumba vya kusalia.

Wasiokuwa na masharti kula kila kitu, bakuli la wali na nyama migahawa ya kawaida ni kama yen 500. Soko la Nishiki limejaa vya kuonja ila kula huku unatembea wanakataza, simama mbele ya duka ulilonunua, maliza, endelea.

M-Pesa inafanya kazi? Nibebe kiasi gani?

Kama wakala wa mtaani, hamna. Kadi ya Visa au Mastercard inapokelewa hoteli na maduka makubwa, ila mahekalu mengi na vigenge vidogo bado wanataka noti na sarafu. ATM za 7-Eleven zinakubali kadi za nje, wacha benki yako ijue unasafiri wasije wakaifunga. Ile kadi ya Visa ya ndani ya simu ni nzuri kwa kulipia mtandaoni, ila huwezi kuichomeka kwenye ATM, kwahiyo njoo na kadi ya plastiki na dola kidogo za akiba.

Mkenya anapiga hesabu kirahisi, yen na shilingi yake zinakaribiana. Mtanzania zidisha kwa kama 16 au 17. Ukilala hosteli na kula kawaida, yen 10,000 kwa siku unaishi bila kujinyima, viingilio vikiwemo. Na bahashishi hakuna, ukiacha hela mezani mhudumu atakukimbilia barabarani akurudishie.

Nisibebe nini?

Nyama ya aina yoyote, kavu, ya kopo, soseji, usibebe, na maembe yako pia acha, wanakunyang'anya na unaweza kuingia matatani. Dawa za kikohozi zenye kodeini na zile za mafua zenye pseudoephedrine angalia masharti yao kwanza. Soketi zao ni pini mbili bapa na umeme ni volti 100, chaja za simu na laptopu hazina tabu ukiwa na adapta, ila pasi na draya ya nywele ya nyumbani acha, haitapata moto.

Watu wanatuangaliaje sisi weusi?

Wataangalia, hasa wazee na watoto, kwenye treni kiti cha pembeni yako kinaweza kubaki wazi. Sehemu kubwa ni ugeni na aibu ya lugha. Ukisema sumimasen kuomba njia, mtu anaweza kuacha shughuli zake akakusindikiza mpaka mlangoni. Pasipoti tembea nayo mfukoni, ni sheria kwa mgeni na polisi ana haki ya kuiomba.

Adabu za kawaida: viatu unavua ukiingia sehemu nyingi za ndani, kwahiyo vaa vya kuvulika haraka na soksi zisiwe na matundu, simu kwenye treni huongei, na mapipa ya taka hakuna barabarani, beba mfuko wako.

Nakuja na mama, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua

Fushimi Inari aishie chini, penyewe pazuri. Kiyomizu mpeleke kwa teksi mpaka pale gari linapoishia, bado kuna kilima kidogo. Sanjusangen-do ni tambarare, bustani ya ikulu tambarare na ni bure, Nijo pia ila changarawe nyingi. Masanduku yenu msiburute, kuna huduma ya kutuma mzigo hoteli hadi hoteli, unamwachia mtu wa kaunta leo, kesho unaukuta Tokyo. Na teksi, mlango wa nyuma unajifungua wenyewe, mwambie asiushike.